Wivu, Husuda na Ndoa Katika Zama za Mitandao ya Kijamii

Mnamo mwaka wa 2009, Amy Muise, Emily Christofides na Serge Desmarais wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walichapisha utafiti kuhusu Facebook na wivu katika mapenzi, uliowahusisha wanafunzi 308. Walibaini kwamba kadiri mtu alivyotumia muda mwingi katika mtandao huo, ndivyo wivu wake ulivyozidi. Walipendekeza kuwa yamkini pana mzunguko: mtandao huleta habari zenye utata, utata huchochea wivu, nao wivu humrudisha mtu kupekua zaidi. Hao walikuwa wanafunzi, si wanandoa wa miaka ishirini. Hata hivyo, aliyewahi kusikia mume na mke wakizozania simu, Nairobi au Eldoret, atautambua mzunguko huo mara moja.

Kiini cha tatizo ni utata, na hapa mwanafunzi wa pragmatiki ana la kusema. "Umefika salama?" ni swali la adabu likiulizwa mlangoni. Likiandikwa saa tano za usiku na mfanyakazi mwenza, limekwisha kupoteza kiimbo, uso na muktadha wake. Msomaji mwenye wivu huyajaza mapengo hayo mwenyewe, na aghalabu huyajaza kwa ubaya. Isitoshe, tangu WhatsApp ilipoanzisha tiki za buluu mwaka wa 2014, hata ukimya umekuwa ujumbe: amesoma, hakujibu, yuko na nani?

Wapo wanaodai kwamba mitandao ndiyo iliyouzaa wivu. Dai hili ni jepesi mno. Katika mwambao wa Kenya, leso zilitumika kupigana vijembe kabla ya simu za mkononi kuenea: mke aliivaa leso yenye jina la kumchoma mke mwenzake, na akiulizwa, alijibu kwamba alivutiwa na rangi tu. Maneno yanayobandikwa WhatsApp leo kwa saa 24 yanafanya kazi iyo hiyo. Tofauti ni kwamba leso ilisomwa na mtaa uliowajua wahusika wote wawili.

Ajabu ni kuwa mjadala huishia kwenye wivu, ilhali husuda, ambayo wasemaji wengi huichanganya nao, huenda ndiyo inayonyonya furaha zaidi. Mwenye wivu huchelea kunyang'anywa kilicho chake. Hasidi huumizwa na alicho nacho mwenziwe. Mke hutazama picha za shoga yake aliyepelekwa Diani, kisha akamtazama mumewe aliyechoka kochini. Mume naye huhesabu magari ya waliosoma naye. Hakuna aliyebandika picha ya siku waliyokosa karo. Hapa hapana mgoni wa kushtakiwa, na kwa hivyo hapana kikao kinachoitwa.

Dawa inayopendekezwa sana ni wanandoa kupeana maneno ya siri ya simu zao. Hoja hii ina mashiko kwa wale waliokubaliana kwa hiari, lakini inasahau kwamba simu hubeba siri za watu wengine pia: ugonjwa wa dada, deni la rafiki. Tena, anayejua kwamba atapekuliwa hujifunza kufuta, hata yasiyo na hatia. Jioni mpekuzi hukuta pengo mahali palipokuwa na salamu ya kawaida, na safari hii hana hata maneno ya kuulizia.