Wanahisa waulize nani anaandaliwa kushika usukani

WANAHISA wanapokutana katika mkutano mkuu wa mwaka, swali la kwanza huwa gawio na la pili bei ya hisa. Lipo la tatu ambalo ni nadra kusikika ukumbini, ingawa linagusa mifuko yao: meneja akiondoka kesho, ni nani ndani ya kampuni aliyekwisha kuandaliwa kushika nafasi yake, na je, wanawake wamo?

Swali hilo si la hisani. Kampuni isiyolea watu wake hulazimika kutafuta bosi nje, kwa mshahara mnono, kisha kumsubiri ajifunze kazi. Gharama hiyo haina mstari wake katika mizania, lakini hutoka katika faida ile ile inayogawiwa.

Mfano mzuri upo sokoni. Ruth Zaipuna alikuwa ofisa mkuu wa fedha wa NMB, benki iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2008. Akakaimu nafasi ya juu, na mwaka 2020 akathibitishwa kuwa ofisa mtendaji mkuu. Aliupata usukani akitokea kwenye kiti kinachoshika hesabu. Mwaka 2022 benki hiyo ilitafuta Sh bilioni 25 kwa hati fungani ya Jasiri, iliyolenga kukopesha biashara za wanawake. Wawekezaji wakaleta zaidi ya Sh bilioni 74.

Kampuni nyingi hukosea hapo kwenye kiti. Mfanyakazi wa kike hupelekwa semina ya uongozi, hurudi na cheti, kisha hukalishwa katika idara isiyoshika bajeti wala kupimwa kwa mauzo. Mwanamume wa rika lake hupewa tawi. Baada ya miaka mitano inasemwa kwamba mama huyo hana uzoefu. Mlezi wa kweli kazini hatoi nasaha tu. Hulitaja jina la mtu wake katika kikao ambacho mwenyewe hayumo, na humkabidhi kazi yenye hesabu.

Wapo watakaosema cheo kifuate uwezo, si jinsia. Ni kweli, lakini uwezo hauonekani kwa mtu asiyepewa kazi ya kuuonyesha, awe mwanamke au karani wa kiume aliyesahaulika stoo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mzazi likizo ya siku 84 yenye malipo. Siku hizo haziwezi kufuta ujuzi wa miaka kumi, na si haki arudi akute meza yake ina mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa kazini. Mwanahisa mwenye hisa 100 tu anaweza kusimama mkutanoni akauliza: mpango wetu uko wapi, na umempandisha nani?

Hata mwenye duka Kariakoo ajiulize. Kama muuzaji wake wa kike anawajua wateja wote lakini hajawahi kuonyeshwa daftari la manunuzi, siku tajiri akiugua duka litafungwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika daftari hilo, majina ya wanaoandaliwa nayo yaandikwe.