Neno na Mahali: Hatari ya Nani?

Kila toleo safu hii huchukua neno moja. Safari hii ni “hatari”, neno ambalo nililidhani rahisi mpaka likaniumbua mbele ya mzazi.

Muhula huu darasa letu la jiografia lilipewa zoezi la kuchora ramani ya hatari ya moto wa msituni. Wenzangu wengi walikimbilia California. Mimi nikachagua Kilimanjaro, kwa ajili ya moto wa Oktoba 2020. Ulianza tarehe 11, eneo la Whona, wanapopumzika wageni kati ya Mandara na Horombo. TANAPA ilieleza kuwa wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni. Ndani ya siku chache zilikuwa zimeungua kilomita za mraba 95 hivi.

Data sikuzifuata mbali. FIRMS, mfumo wa NASA unaoonyesha mioto duniani kote, ulianzia Chuo Kikuu cha Maryland, na kituo cha Goddard kipo Greenbelt, hapa hapa jirani. Kwenye skrini moto ni kidoti chekundu. Lakini kidoti kile ni mraba wa mita 375 hivi ambamo setilaiti, ilipopita, iliona joto lisilo la kawaida. Wingu zito likitanda, haioni kitu. Tena vidoti vinasema palipowaka, havisemi patakapowaka.

Ya pili ndiyo kazi ya ramani ya hatari. Katika mfumo wa taarifa za kijiografia unalaza matabaka juu kwa juu: mteremko, kwa kuwa moto hupanda mlima upesi kuliko unavyoshuka, uoto, mvua, umbali kutoka njia za watu. Kila tabaka unalipa uzito, kompyuta inajumlisha, rangi zinatokea. Rangi zinapendeza mno, hata mtu asahau kwamba ule uzito kaupanga yeye mwenyewe. Mimi niliupa mteremko uzito mkubwa, njia za wapandaji nikazipa kidogo tu. Nilipoikumbuka Whona nikafuta, nikaanza upya. Mteremko hauwashi kiberiti.

Basi siku ya chai ya klabu nikamwonyesha mama mmoja, mzaliwa wa Marangu anayeishi Silver Spring. Alitafuta kwao kwa kidole. “Mwanangu, mbona kwetu umepaka kijani?”

“Kijani ni hatari ndogo, Mama. Kule ni migomba na kahawa, kuna unyevu.”

“Na huku juu pekundu pakiungua, maji ya mfongo yatatoka wapi?”

Sikuwa na jibu. Nyumbani nikasoma kazi za Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutafiti mlima huo kwa miaka mingi. Anaonyesha kuwa misitu ya juu hunasa maji ya ukungu, na kwamba mioto imeishusha mipaka ya misitu hiyo tangu miaka ya 1970. Kwa hesabu yake, kupotea kwa misitu kunapunguza maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu, ingawa barafu ndiyo inayopigwa picha.

Kumbe ramani yangu ilijibu swali moja tu: moto unaweza kuwaka wapi? Mama aliuliza nani atapoteza nini. Katika Kiswahili changu yote mawili yalikuwa “hatari”, ndiyo maana niliandika neno hilo kwenye ufunguo wa ramani bila kusita. Sasa nimelifuta, nikaandika “uwezekano wa moto kuwaka”. Ramani ya pili, yenye mifongo na vijiji vinavyoitegemea, naiita kwa muda “ramani ya hasara”, na Marangu humo si kijani tena.

“Hasara” nayo hainiridhishi, inanuka duka. Walimu wetu, na nyinyi mliokulia chini ya mlima wowote, mwenye neno bora aniletee kabla sijakabidhi zoezi.