CHUO KIKUU KIPIMWE KWA WATOTO WA NANI KIMEWAINUA

Ndugu wafanyakazi,

Kila mwaka hutolewa orodha za vyuo vikuu vya dunia: hiki cha kwanza, kile cha pili, na kile cha elfu moja. Magazeti huandika, wakubwa hupongezana, na mabango hutundikwa penye lango la chuo. Sisi tumejiuliza swali moja tu: katika hesabu hiyo, mtoto wa kibarua wa Kilindini amehesabiwa wapi? Tumemtafuta, hatukumwona. Zimehesabiwa karatasi wanazoandika maprofesa, na sifa wanazopeana wao kwa wao. Mtoto wetu hayumo.

Basi twasema wazi kwamba kipimo hicho si chetu. Kuli hapimi meli kwa rangi yake. Huipima kwa shehena iliyopakiwa na shehena iliyofika salama. Na chuo kikuu kipimwe vivyo hivyo: kimewapokea watoto wa nani, wangapi wamefika mwisho, na walipotoka wamepata kazi gani.

Tutazame chuo kilicho hapa kwetu kisiwani, pale Tudor. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951, kikiitwa MIOME, chuo cha ufundi kilichojengwa kwa fedha za Aga Khan, Sultani wa Unguja, Mabohora na serikali ya kikoloni, kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kikaitwa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na Januari 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili: Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Jina limebadilika mara nne, na kila mara limepanda. Hatuoni haya kusema kwamba twajivunia. Lakini twauliza: kila jina lilipopanda, je, mtoto wa Majengo na wa Kibokoni alipanda nalo? Hesabu hiyo hatujaonyeshwa.

Swali hili si la ubishi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024, watahiniwa 962,512 walifanya mtihani, na waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya kuingilia digrii, ni 246,391. Ni kama mmoja katika kila wanne. Wale watatu waliobaki, mlango wao ni cheti na diploma: umeme, mitambo, ujenzi. Huo ndio mlango ambao kwao watoto wengi wa wafanyakazi huingia. Lakini orodha za dunia hazijali fundi mmoja wa umeme aliyetoka Mji wa Kale akapata kazi ya maana. Chuo kinachokimbilia sifa za orodha kitaanza kuona kozi hizo kuwa mzigo, na siku moja kitautua mzigo huo, na chini yake watakuwa watoto wetu.

Wako watakaosema, "Nyinyi chama cha wafanyakazi, mambo ya vyuo vikuu yawahusu nini? Daini mishahara." Twawajibu kwamba hawajui historia. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma tarehe 13 Januari 1947, wakikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, walidai maisha ya binadamu, na masomo ya watoto ni sehemu ya maisha hayo. Makuli walipogoma tena mwaka 1955, aliyekuja kusaidia kutafuta suluhu alikuwa Tom Mboya, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Na ni huyo huyo Mboya ambaye mwaka 1959 alikuwa mbele katika safari ya ndege ya wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani, wakati milango ya hapa ilikuwa michache na myembamba. Kwa hiyo mlango wa chuo ni kazi ya chama tangu zamani.

Sasa tuseme habari ya mwenzetu mmoja, ambaye hatutaji jina lake. Ni kibarua: wiki hii ana kazi, wiki ijayo hana. Mwanawe alipoitwa chuoni, fomu iliuliza mapato ya baba. Naye kwa uaminifu wake akaambatisha karatasi ya mshahara aliyokuwa nayo, ya mwezi mmoja ambao meli zilikuwa nyingi. Ofisi ikamtia kijana katika fungu la wenye uwezo. Msaada ukawa mdogo na karo ikawa kubwa. Mama akauza vyombo vyake vya dhahabu, kijana akasoma mwaka mmoja, kisha akarudi nyumbani. Leo anaendesha tuktuk, nayo si yake.

Ndugu, angalieni jinsi hesabu inavyodanganya. Siku ya kuingia, kijana huyu alihesabiwa: "Tumepokea wanafunzi kadha wa kadha." Siku aliyotoka, hakuna aliyemhesabu.

Mpango huu wa kugawa wanafunzi mafungu kwa mapato ya wazazi uliletwa na serikali mwaka 2023. Malalamiko yalikuwa mengi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema wakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Sisi hatukatai kwamba tajiri alipe zaidi kuliko maskini. Tunachokataa ni kipimo kisichojua kibarua ni mtu gani. Mapato ya kibarua hayapimwi kwa mwezi mmoja, kama vile bahari haipimwi kwa maji kujaa peke yake.

Wengine watasema tunataka jambo lisilowezekana, kwamba hakuna nchi inayopima vyuo namna hiyo. Si kweli. Huko Marekani kwenyewe, mwaka 2017 wataalamu walitoa hesabu ya mamilioni ya wanafunzi na mapato ya wazazi wao. Wakaona vyuo 38, vingi vyao vya sifa kubwa, ambavyo watoto wa ile asilimia 1 ya matajiri walikuwa wengi kuliko watoto wa asilimia 60 nzima ya watu wa chini. Na chuo kilichoongoza kwa kuwatoa wengi chini kabisa na kuwafikisha juu kilikuwa California State University, Los Angeles, ambacho si miongoni mwa wakubwa wa orodha. Kumbe kupima kunawezekana, na ukipima, wa mwisho huweza kuwa wa kwanza.

Lakini hata hapo tuwe macho. Tusipime kwa mshahara tu. Binti wa Mji wa Kale aliyesoma ualimu akarudi kufundisha watoto wa mtaa wake hapati mshahara wa meneja wa benki, na hata hivyo chuo chake hakikushindwa. Wala hatutaki ngazi ya kumpandisha mmoja ili awaache tisa chini na asiwajue tena. Twataka mlango mpana, na kazi yenye malipo ya haki kwa aliyepita mlango huo na kwa asiyepita.

Kwa hiyo chama chetu kidai mambo manne:

1. Kila chuo cha umma kitangaze kila mwaka kimepokea wangapi kutoka familia za vibarua na za watu wasio na kazi, wa digrii, diploma na cheti.

2. Kitangaze wangapi wameacha masomo kabla ya kumaliza, na wangapi kati yao ni kwa sababu ya karo.

3. Mapato ya kibarua yapimwe kwa mwaka mzima, na mwakilishi wa wafanyakazi awepo rufaa zinaposikizwa.

4. Kozi za cheti na diploma zisipunguzwe, na yawepo masomo ya jioni kwa mtu anayetoka kazini.

Ndugu mwanachama, hesabu hii tusingoje kuletewa. Tuanze wenyewe. Kama una mtoto aliyeitwa chuoni akakosa kwenda, au aliyeingia akarudi, mpe habari mwakilishi wako wa kazini: kozi gani, mwaka gani, sababu gani. Majina hayatachapwa. Tutakapokuwa na hesabu yetu mkononi, ndipo tutakapokwenda kuwauliza mabwana wa orodha watuonyeshe ya kwao.

Umoja ni nguvu.