Saikolojia ipi, mdogo wangu?

Wikiendi iliyopita nilikuwa nyumbani Morogoro. Tangu SGR ianze mwaka 2024 sina tena kisingizio cha kutokwenda. Nikakuta kikao. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kamaliza kidato cha sita, kombi ya HGL, na anataka kusoma saikolojia. Mjomba hataki. Na sisi Waluguru mnatujua, ukoo ni wa mama. Mjomba akikohoa, nyumba nzima inanyamaza.

"Ukatibu vichaa? Soma ualimu, ajira ipo."

Kesho yake nikapanda na binti mpaka Morningside. Tulipokaa kupumzika kwenye lile jengo la Wajerumani, mji wote uko chini yetu, akanieleza. Bwenini alikuwa na rafiki aliyeacha kula, kisha akaacha kuongea. Mwalimu wa ushauri nasaha alikuwa mwalimu wa jiografia aliyebebeshwa kazi hiyo juu ya vipindi vyake. Akamwambia ajikaze. Rafiki akarudishwa nyumbani, mtihani hakufanya.

"Kaka, nataka siku nyingine awepo mtu anayejua la kufanya."

Wadau, hapo nikaona mjomba na mpwa wanagombania neno ambalo hawajalifungua. Tulifungue.

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Anasoma udaktari miaka mitano, halafu anarudi darasani kubobea. Kwa HGL mlango huo umefungwa. Mtaalamu wa saikolojia tiba, yule anayekaa na mgonjwa hospitalini, anaandaliwa kwenye uzamili, kama pale Muhimbili. Kwa hiyo anayedhani shahada ya kwanza ya saikolojia itampa ofisi na kochi, ajue mapema: hiyo ni ngazi tu.

Halafu kuna kitu wengi wanagundua wakiwa wameshasajiliwa. Shahada ya Elimu katika Saikolojia, kama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni shahada ya ualimu. Utafanya mazoezi ya kufundisha, utashika chaki. Vyuo vingine vina shahada za ushauri nasaha. Majina yanafanana, milango inatofautiana. Kabla hujajaza fomu, soma orodha ya masomo, usisome jina peke yake.

Na mjomba naye anakumbuka enzi za mwalimu kuhitimu na kupangiwa kituo moja kwa moja. Enzi hizo zimepita. Sasa mwalimu anaomba kazi na kusubiri kama wenzake, wengine miaka.

Mimi nilimshauri achukue ile ya elimu. Si kwa sababu ya ajira. Rafiki yake aliangukia shuleni, na shuleni ndiko anakotakiwa mtu anayejua. Ila awe tayari kusimama mbele ya darasa kweli, asiifanye mlango wa uani, na uzamili auweke kwenye hesabu tangu leo. Na serikali nayo iache kuufanya ushauri nasaha kazi ya ziada ya mwalimu wa jiografia. Iwe ajira kamili, yenye mtu wake.

Jioni nikamweleza mjomba yote hayo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Na huo uzamili atalipa nani?"

Sikuwa na jibu. Mwenye nalo aniandikie, binti anajaza fomu wiki ijayo.