Bwana Terry Wogan na Msikilizaji Wake Mmoja

Juma hili napenda kuwasimulia habari za mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema. Wenye kusema ni wengi duniani, lakini wenye kusikilizwa ni wachache. Mtu anayechoshwa na hotuba mkutanoni huona haya kuondoka mbele ya wazee, bali mtu anayechoshwa na redio huizima tu, na msemaji hana habari. Kwa hiyo anayesikilizwa katika redio miaka zaidi ya arobaini hana budi kuwa na jambo la kutufundisha. Mtu huyo alikuwa Bwana Terry Wogan, Mwairishi aliyependwa sana na Waingereza.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti, 1938, katika mji wa Limerick, magharibi ya Ireland, ambako baba yake alikuwa meneja wa duka la vyakula. Alisomeshwa na mapadre Wajesuiti, kwanza hapo Limerick na kisha katika mji mkuu, Dublin. Alipomaliza shule aliingia benki kuwa karani. Wasomaji walio makarani wataijua kazi hiyo: ina heshima, ina mshahara wa hakika, na jumla ya hesabu hukungoja kila jioni. Wazazi wengi wangalimwambia kijana wao aishike kwa mikono miwili. Lakini Bwana Wogan aliona tangazo gazetini kwamba redio ya Ireland yatafuta watangazaji. Akaandika barua, akajaribiwa, na akakubaliwa. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kusoma habari. Baadaye aliendesha pia mchezo wa maswali katika televisheni.

Mwaka 1966 alipeleka London utepe wenye sauti yake, kuomba kazi katika BBC. Yasimuliwa kwamba alisahau kuurudisha mwanzo, hata mkubwa aliyeupokea akalazimika kuurudisha mwenyewe kabla ya kuusikiliza. Kwa bahati njema hakuutupa. Tarehe 27 Septemba mwaka huo sauti ya Bwana Wogan ilisikika katika BBC kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata alipewa kipindi cha usiku, na kwa muda alikuwa akisafiri kati ya Dublin na London. Hatimaye alihamia Uingereza, na mwezi wa Aprili, 1972, akakabidhiwa kipindi cha asubuhi cha Radio 2, saa ambazo watu hunywa chai na kujitayarisha kwenda kazini.

Je, alifanya nini hata akapendwa? Alipiga santuri, akasoma barua za wasikilizaji, akajicheka mwenyewe. Hata aliwafanyisha watu mazoezi ya viungo nyumbani mwao ili wapunguze unene! Maneno yake mengi hayakuandikwa kwanza katika karatasi. Yalimjia palepale, kama yanavyomjia mtu anayezungumza na jirani yake.

Lakini zikaja siku nzito. Jeshi la siri la Waairishi waliotaka kuuondoa utawala wa Uingereza katika Ireland ya Kaskazini lilikuwa likitega mabomu katika miji ya Uingereza. Usiku wa tarehe 21 Novemba, 1974, mabomu yalilipuka katika vilabu viwili vya pombe mjini Birmingham, na watu 21 wakafa. Waairishi wengi wasio na hatia, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walitukanwa na kushukiwa kwa sababu tu ya namna yao ya kusema. Fikirini basi: katika miaka hiyo hiyo, sauti iliyoingia jikoni mwa Waingereza kila asubuhi ilikuwa ya Mwairishi, wala hakuificha asili yake. Waingereza wangaliweza kumfungia mlango kwa kugusa redio tu. Hawakufanya hivyo. Walikuwa wamekwisha kumjua kama mtu, na aliye mtu machoni pako ni vigumu kumhukumu kwa makosa ya wengine. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Aliacha kipindi hicho mwaka 1984, na kutoka 1985 hata 1992 alikuwa na mazungumzo yake katika televisheni. Yalipokomeshwa hakukaa kulalamika, bali Januari, 1993, alirudi katika redio ya asubuhi, na huko akapata wasikilizaji wengi kuliko zamani, hata karibu milioni 8 kwa juma. Pia tangu mwaka 1980 aliongoza katika televisheni mchango wa kila mwaka wa BBC wa kuwasaidia watoto wenye shida. Mwaka 2005 Malkia alimpa cheo cha Sir, na mwaka 2007 mji wake wa Limerick nao ukampa heshima kubwa ya mji. Basi aliheshimiwa ugenini na kwao pia.

Yasimuliwa kwamba siku moja aliulizwa ana wasikilizaji wangapi. Hakutaja mamilioni. Alijibu kwamba anaye mmoja tu. Na alipoaga kipindi chake tarehe 18 Desemba, 2009, alishukuru kwa kupewa urafiki, akatumia neno la mtu mmoja, “rafiki yangu,” wala si “rafiki zangu.” Alifariki tarehe 31 Januari, 2016, mwenye umri wa miaka 77.

Wasomaji wangu, hilo ndilo fundisho. Sisi tunaoandika barua za ofisi, tunaofundisha darasani, tunaosimama mbele ya wakulima kueleza habari za mbegu na mbolea, mara nyingi husema na “wananchi” wote pamoja, na kwa hiyo hakuna hata mmoja anayeona kwamba ameambiwa yeye. Mara nyingine tuchague uso mmoja, tuseme nao kwa adabu na ukweli, kama mtu aliyeketi kando yetu. Wengine watasogea wenyewe wasikie.