Kompyuta za Kabatini

Ahadi ni deni, ndivyo tulivyofunzwa. Mwaka 2013, kwenye kampeni za uchaguzi Kenya, Jubilee iliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Tukapiga makofi. Miaka ikapita kwa ugomvi wa zabuni. Mwaka 2016 vikaanza kuja vishikwambi, na kila shule projekta yake. Hatimaye vikapita milioni moja.

Haya, vimefika. Vimefika wapi? Kabatini! Katika shule ya kijijini kwetu mwalimu mkuu aliambiwa kikipotea kimoja, atajibu yeye. Wewe ungefanyaje? Alitia kufuli.

Machi 2020 korona ikafunga shule. Watoto wakaambiwa wasomee redioni, kwenye runinga na intaneti. Mdogo wangu alikaa miezi na redio isiyo na betri, na vishikwambi vimelala ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyethubutu kufungua.

Ati sisi vijana tunapinga maendeleo? La, wazee! Tunapinga kuhesabu mashine badala ya watoto wanaozitumia. Kabla ya zabuni, njooni mtuulize: umeme utalipwa na nani? Kikiharibika, fundi yuko wapi? Mtoto atakwenda nacho nyumbani? Na kikipotea, serikali itabeba hasara, au mtamwachia mwalimu na mshahara wake ule ule?

Bila majibu hayo, msituletee vingine. Tumeshachoka kulinda kufuli.