Chemirocha Alikuwa Nani?

Wasomaji wetu wa Kericho na Bomet bila shaka wamepata kulisikia jina la Chemirocha. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine ya kunasa sauti, akawanasa wasichana wa Kikipsigis wakimwimbia huyo Chemirocha kwa kinanda cha nyuzi. Walimsimulia kuwa ni nusu mtu nusu paa, naye katika wimbo anaombwa acheze kwa nguvu hata nguo zimwanguke.

Je, alikuwa pepo? La, hasha! Litamkeni jina polepole: ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefanya kazi ya reli, kisha akawa mwimbaji wa gitaa, akafariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika huku, na sauti isiyo na mwili ikapewa mwili. (Nani angedhani kuwa aimbaye ndani ya sanduku ni mtu kamili?)

Wimbo ulisikika ng'ambo miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Baadaye sana ndipo maktaba ya muziki aliyoianzisha Bwana Tracey ilipouleta tena kwa Wakipsigis. Ikiwa yuko kwenu bibi aliyekuwa msichana wakati ule, mwulizeni nyimbo zake leo, wala msingoje mgeni mwenye mashine.